Pindo la Watu Wawili

Siku chache kabla hatujasafiri nilimkuta Mama anaharibu gauni lake mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake cha ushonaji, mchana kweupe, wembe mkononi, anakata nyuzi za pindo na kuzivuta taratibu kama mtu anayetoa miiba ya samaki.

"Mama, gauni hilo lina kosa gani?"

"Halina kosa."

"Sasa mbona unalifumua?"

"Nalifumua kwa sababu ni langu. Wewe nenda kafungue simu zako."

Mimi ni fundi simu. Nina kimeza changu mtaa wa pili, na vidole hivi unavyoviona vinaweza kushika skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Lakini nipe sindano, nguo itatoka na damu. Mama alinijaribu nikiwa mdogo, akanivua utepe wa kupimia shingoni, akasema Mungu amenisahau huku labda kanikumbuka kule. Aliyekumbukwa huku ni Dada.

Wateja walimwita Mama jina la utani, Mama Pindo. Mwili wa nguo alishona kwa cherehani kama mafundi wote, lakini pindo lilikuwa la mkono, na lilikuwa la watu wawili. Walianzia mahali pamoja nyuma ya gauni, Mama anakwenda kulia, Dada anakwenda kushoto, mpaka sindano zikutane mbele. Nguo moja juu ya magoti ya watu wawili. Huwezi kuinuka ukaondoka bila kumvurugia mwenzako, na wala hulazimiki kumtazama usoni, kwa sababu macho yako kwenye uzi. Ndiyo maana nyumbani kwetu kila neno zito lilisemwa pindoni. Ni pindoni Mama alipomwambia Dada kwamba Baba hatapona, mimi nikasikia nikiwa nimelala juu ya vipande vya kitambaa. Ni pindoni Dada alipoomba ruhusa ya kwenda ng'ambo. Mama alishona mpaka uzi ukaisha, akafunga fundo, ndipo akasema, "Haya, nenda."

Sasa macho ya Mama yalikuwa yameanza kumgomea. Na mwenye duka la dawa, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikitaka kile chumba apanue duka. Mwenye jengo ni mtu muungwana, akampa Mama nafasi ya kwanza: kama kuna mtu wa familia wa kuendelea na ushonaji, chumba ni chenu, kama hakuna, jirani achukue. Mama akasema atatoa jibu akirudi kutoka kumtembelea binti yake.

"Si umpigie Dada umwambie arudi?" nikamwuliza. "Simu ninazo mezani hata kumi."

"Kwenye simu atasikia nimechoka, atakuja kwa huruma. Mtu aliyekuja kwa huruma utamlisha, utamvisha, na bado kila akikohoa utajiuliza kama anajuta. Nataka nimwulize tukiwa tumekaa. Nione akitaka mwenyewe." Akaninyooshea wembe. "Na wewe ole wako ufungue huo mdomo."

Nikasema sawa. Mimi, ambaye siri hainikai tumboni hata kidogo, ndiyo kwanza nikajifanya mtu wa kuaminika.

Dada alitupokea akiwa amevaa koti zito, anacheka na kulia kwa pamoja. Chumba chake kilikuwa juu kabisa ya jengo refu: kitanda, meza, jiko la umeme, dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Mama akapewa kitanda, mimi na Dada tukatandika godoro chini. Mama alizungusha macho mara moja, akaona kisichokuwepo.

"Cherehani iko wapi?"

"Kazini, Mama. Kule ziko nyingi."

Alifanya kazi kwenye hoteli kubwa ng'ambo ya barabara, chumba cha ushonaji, chini kabisa: mashuka yaliyochanika, mapazia, sare za wahudumu. Mama aliomba kwenda kupaona. Aliomba mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili bila utani.

"Kuna nini cha kuona huko, Mama? Mashuka matupu. Subiri mwisho wa wiki, nina siku mbili nzima, na mji una sikukuu yake. Nitakuzungusha mpaka useme basi."

Tukasubiri. Siku za kazi Dada alirudi amechoka, anakula kijiko mkononi macho ameyafumba, na Mama si mtu wa kumsemesha mtu aliyechoka. Ijumaa jioni akalitoa lile gauni sandukuni, akalitandaza juu ya kiti, pindo likining'inia wazi. Juu yake akaweka kidonge cha uzi wa rangi ileile na sindano mbili. Sindano mbili, jamani! Nilipoziona moyo wangu ukatulia, nikajua kesho asubuhi jambo litasemwa, na mimi nitajifanya nimelala, kama zamani.

Asubuhi Mama alikuwa bafuni. Dada akaamka, akaona gauni.

"Kumbe limefumuka! Masikini, na bila shaka alitaka kulivaa kwenye sikukuu."

Akalikunja kwapani. Mimi nilikuwa na mswaki mdomoni.

"Dada, liache. Mama atali—"

"Atalishona? Hapa kwangu? Mama ameshika sindano maisha yake yote, hapa ni mgeni, hashiki kitu. Nusu saa tu, nakimbia hapo kazini."

Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kumwagia maji, kumkalia, kupiga ukelele wa moto. Niliapishwa nisiseme, sikuapishwa nisimkalie. Lakini mlango ukafungwa, nikabaki na povu mdomoni, nikijiambia kwamba Mama ni mtu mzima, atapata njia nyingine.

Mama alipotoka bafuni alitazama kiti kwanza. Halafu akanitazama mimi. Akaketi kitandani kungoja, nywele zikimdondoshea maji mabegani.

Dada alirudi anahema, gauni limening'inia mkononi mwake, limepigwa pasi, bado lina joto. "Haya, Mama Pindo, kagua!"

Mama akalipokea. Akapitisha pindo lote kati ya kidole gumba na cha shahada, mzunguko mzima, bila kuruka mahali.

"Umeshona kwa mashine."

"Mashine maalumu ya mapindo. Hebu angalia kwa nje, huoni hata uzi."

"Kweli," alisema Mama. "Sioni." Akazichukua zile sindano mbili akazichoma kwenye ukosi wa gauni lake la ndani, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umenipunguzia kazi."

Dada alifurahi sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi alivyofurahi.

Basi tukatembea. Kama kutembea ni dawa, sisi tulimeza kopo zima. Tulianza na ngome ya kale juu ya kilima, ngazi za mawe zisizo na mwisho. Dada mbele, mkono juu kama kiongozi wa watalii, sisi nyuma kama kuku waliotoka kuoga. Alijua kila kitu. Huu ukuta ulijengwa mara mbili. Hapa walifungiwa wafungwa. Huu mzinga haujawahi kupiga mtu, ulipiga salamu tu. Alisema kwa sauti ya mtu anayeonyesha shamba la babu yake. Mama alipumzika kila baada ya ngazi chache, akimtazama yeye zaidi ya ukuta.

"Kama amezaliwa hapa," Mama aliniambia chinichini.

"Anajitapa tu," nikamjibu. Lakini hata mimi nilivutiwa. Ni kweli nilimwona akimwuliza mwuza tiketi mlango wa kuingilia uko upande gani, nikafikiri labda wameuhamisha.

Mchana tukaingia kwenye jumba la makumbusho, nyumba ya tajiri fulani wa zamani, vyumba vinanuka nta na vumbi. Kwenye chumba cha mwisho kulikuwa na gauni ndani ya sanduku la kioo, la hariri iliyofifia, refu mpaka chini. Watu walilitazama kuanzia shingoni. Mama alichuchumaa akaanzia chini. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, na mlinzi wa chumba akaja kumwomba asogee nyuma kidogo. Mama akasogea, mlinzi alipogeuka akarudi.

"Njoo uone," alimwita Dada. "Hili pindo ni la watu wawili."

Dada akainama kando yake.

"Huyu wa huku alikuwa mzito wa mkono, mshono umeingia ndani. Huyu wa kule mwepesi. Wamekutana hapa, unaona? Hapa pana mafundo mawili." Mama alikuwa amechuchumaa, bega lake limegusana na bega la Dada, wote wawili wanatazama uzi. Mimi nikarudi nyuma hatua chache. Nilisema moyoni, sasa. "Sijui walikuwa wanazungumza nini," alisema Mama. "Gauni pana kama hili, ni mchana mzima mmekaa."

Alinyamaza. Nilijua ananyamaza kwa ajili ya neno linalofuata.

"Ngoja nikusomee, wameandika hapa," alisema Dada, akainuka. Akasoma kibao chote kwa sauti: mwenye gauni alikuwa nani, alilivaa kwenye karamu gani, hariri ilitoka wapi. Alisoma vizuri. Mama akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akanyoosha mkono nimwinue, kwa sababu magoti yalikuwa yamekaza.

Jioni hiyo Dada aliosha miguu ya Mama kwa maji ya moto, akaikanda, wakacheka habari za mlinzi. Kulikuwa na upendo mwingi chumbani mle. Tatizo halikuwa upendo. Mama alikaa mikono imelala mapajani haina kazi, na mikono yake isipokuwa na kazi, mdomo wake unajua mambo madogo tu: chumvi, baridi, nani kaolewa.

Jumapili ilikuwa kilele cha sikukuu. Barabara kuu ilifungwa magari, watu wamejipanga pande zote, ngoma na tarumbeta zinatangulia, nyuma yake maandamano ya watu waliovaa mavazi ya enzi za kale: askari, wafanyabiashara, mabibi wa nguo za kuburuta. Mama alivaa gauni lake. Dada alitupatia nafasi mbele kabisa, kwenye ukingo wa barabara, kwa kusukuma watu na kuomba radhi baadaye.

Mama aliyaangalia maandamano yote kuanzia magotini kwenda chini. "Yule pindo wamembandika kwa gundi." "Yule ameshonewa asubuhi hii akiwa amelivaa gauni." "Huyu bibi akikanyaga tena, leo mji mzima utaona alichovaa ndani." Dada alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi pia. Kwa dakika zile tulikuwa watatu kama zamani, nikasahau tulichokuja kufanya.

Kisha maandamano yakapita, watu wakaanza kutawanyika, karatasi za rangi zimetapakaa chini. Tulipata benchi. Mama alikuwa anajipepea kwa leso ingawa hapakuwa na joto. Nadhani alijua hakuna tena nafasi, kesho tunaondoka. Akauliza bila pindo, bila uzi, bila chochote cha kushika.

"Mwanangu. Hapa umepazoea?"

Dada alimtazama. Halafu akatabasamu tabasamu pana, lilelile la kwenye ngome.

"Nimepazoea sana, Mama. Tena sana. Usiwe na wasiwasi na mimi hata kidogo."

"Hukosi kitu?"

"Nikose nini? Si umeuona mji wenyewe?"

"Nimeuona," alisema Mama. "Mzuri." Akampapasa shavu. "Basi nimefurahi."

Nilimkanyaga Mama mguu. Akaurudisha mguu wake chini ya benchi. Nikamtazama Dada, nikafungua mdomo, Mama akasema, "Kitinda, hebu nitafutie maji ya kunywa." Mimi ndiye kitindamimba, na nikiitwa hivyo huwa naamka kabla sijafikiri. Niliporudi na maji walikuwa wanazungumza habari za sanduku na uzito wa mizigo.

Tuliporudi nyumbani, wiki ileile Mama alimpa mwenye jengo jibu. Alisema kwa ufupi, kama anamtajia mteja siku ya kuchukua nguo: binti yangu ametulia kule, mpe jirani. Cherehani moja akampa mwanafunzi wake wa zamani, nyingine akaifunika kitambaa pembeni ya kitanda chake, anaiwekea taa. Nilimwambia amekosea. Nilimwambia hakumwuliza Dada chochote, amemwuliza kama amepazoea, na hilo ni swali la kuuliza mgonjwa wa hospitali.

"Nilimwuliza, akanijibu," alisema Mama. "Ulikuwepo."

Siku mafundi walipovunja ukuta wa chumba, nilipiga picha, nikarudi kimezani kwangu nikamtumia Dada. Sikuandika neno. Labda ilikuwa hasira, labda nilichoka kuaminika. Simu yake ikaingia kabla sijaiweka yangu mezani.

"Hicho si chumba cha Mama?"

"Kilikuwa."

Nikamweleza yote, mwenye duka la dawa, macho ya Mama, jibu lililosubiri safari. Nyuma yake nilisikia mashine zinanguruma.

"Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule," alisema hatimaye. "Nilimwambia bosi aningoje mpaka Mama aondoke, ndipo nimjibu. Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu. Rudi. Basi. Ningefunga mizigo pamoja nanyi. Mlipoondoka nikatia saini tena."

"Sasa si ungesema wewe!"

"Niseme nini, mdogo wangu? Niliondoka kwa vifijo, mtaa mzima ukanisindikiza. Nirudi niseme nimechoka kushona mashuka chini ya ardhi? Lakini kama Mama ameniita, nimeitwa. Hakuna anayemcheka mtu aliyeitwa na mama yake."

"Na zile hadithi zote za ngome na mizinga? Ulivyotutembeza ungedhani funguo za mji unazo wewe!"

Alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine. "Ngome ile niliiona siku ileile na nyinyi. Na lile jumba, na ile sikukuu. Miaka yote hii nilikuwa naipita tu nikienda kazini. Nilijisomea kwenye simu wakati mmelala, nikakariri, ili Mama asije akaondoka akijua ninavyokaa. Nilitaka aondoke na roho nyeupe."

Nikaona tumefika mahali ambapo ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Lile gauni halikufumuka, Dada. Alilifumua mwenyewe, kwa wembe, kabla ya safari. Alikuja na sindano mbili."

Mashine zilinguruma. Nikasikia kama ameketi.

"Nilishona kwa nusu saa," alisema. "Nilijivunia."

"Najua."

"Nilifikiri nampumzisha."

"Najua, Dada."

Ndipo Mama akatokea kwenye kimeza changu, siku hizi huwa anakuja, hana pa kukaa mchana. Alikaa kwenye kiti cha wateja akauliza ni nani huyo.

"Ni Dada."

"Msalimie. Mwambie gauni alilonishonea nimelivaa, nimelifua tena na tena, pindo halijaachia hata uzi mmoja."

"Mpe simu," alisema Dada sikioni mwangu. "Mpe, nitamwambia."

Nikampa. Mama akaishika kwa mikono miwili, magoti yake matupu, hayana nguo ya kushona juu yake. Nilingoja. Nilizima chuma changu cha kulehemu, nikamwambia mteja arudi baadaye. Sijui Dada alianza na nini upande ule, kwa sababu nilimsikia Mama peke yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hatujambo sote. Enhe, na huko, baridi imepungua?"